Suti Isiyo na Mfuko

Jumatatu, 16 Machi

Robo mwaka inaisha mwisho wa mwezi. Mkutano wa wanahisa utafanyika sebuleni kwa mama, kama kawaida. Wanahisa ni mama, mjomba, dada yangu mkubwa, na mimi, Mkurugenzi Mtendaji. Cheo hicho mjomba alinibandika kwa mzaha. Nimekichapisha kwenye kadi.

Hali si nzuri. Baba alituachia mimi na dada duka la ushonaji: cherehani, meza ya kukatia, na jina lake, Sindano Mbili. Lebo inashonwa ndani ya kola, na kila kona inashikizwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu. Ndivyo alivyotaka marehemu. Dada anakata na kushona. Mimi nakuza kampuni.

Mwaka jana niliikuza kwa kununua chapa ya nguo za watoto, Nyota Kumi. Nikakabidhiwa makasha ya lebo na kibao cha mlangoni. Fundi wake akavuka barabara, akafungua upande wa pili bila kibao, na wateja wote wakavuka naye! Dada alisema nimenunua ala nikaacha kisu.

Leo kanena tena, huku akifuta mkasi. Robo hii isipoleta faida ya kweli, faida ya kushikika, si ya kwenye karatasi, anaondoka. Na nikinunua jina jingine lolote, anaondoka siku hiyohiyo. Hakupandisha sauti. Dada akipandisha sauti najua mambo yatapoa. Akiongea taratibu, naogopa.

Sitaki aondoke. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna atakayelisoma: bila dada, duka ni chumba tu chenye cherehani. Tangu baba afariki, mkasi wake, dada anapokatia mezani, ndiyo sauti pekee inayonituliza.

Kwa hiyo ni lazima nimzuie. Nitanunua chapa nyingine, kwa siri, ilete faida kubwa kabla hajajua.

Jumanne, 17 Machi

Bwana Kioo kaweka sanamu ya pili dirishani. Huyu ni jirani yetu, anauza suti za kiwandani, na duka lake ni kioo kuanzia sakafuni hadi darini. Akaniuliza mbele ya wateja wake, eti kundi langu la makampuni linaendeleaje. Wateja wakacheka. Hata sanamu ilionekana kucheka, na tai yake ilikuwa imefungwa vizuri kuliko yangu. Nikamjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Akasema basi niangalie zisije zikaoza.

Mchana nikapata dawa yake! Dalali kanipeleka kwa mzee mmoja mwenye koti jeusi na sauti ya chini, anayetaka kustaafu. Chapa yake inaitwa Upole. Suti za kiume, magauni ya kike. Nikatazama hesabu zake mara mbili. Mauzo hayashuki! Mvua ije, jua liwake, uchumi uyumbe, Upole inauza. Hakuna mteja anayekopa. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha nguo. Nilirudia swali. Hata mmoja! Sisi tuna mteja mmoja wa suruali ambaye ameirudisha hadi imekuwa kaptula.

Nikauliza kama wateja hulalamikia vipimo. Mzee akainamisha macho, akasema wateja wake ni watu watulivu sana. Waungwana, kumbe! Alitaka kunieleza zaidi kuhusu aina ya biashara yenyewe. Nikamzuia kwa kiganja. Nilimwambia mkurugenzi hashughuliki na nyuzi, mkurugenzi anatazama mwelekeo. Akanisogezea mkataba kwa adabu.

Alhamisi, 19 Machi

Mtaji umepatikana.

Nimeuza Sindano Mbili. Jina, kibao, na lebo zote zilizokuwa kwenye droo. Mnunuzi ni Bwana Kioo. Ilibidi. Chapa ile imekomaa, ukuaji wake umefika ukingoni, na kampuni makini haishikilii mali kwa huruma. Hayo niliyasema kwa sauti, njia nzima, peke yangu. Tumekubaliana atabandua kibao mwezi ujao. Nitakuwa nimeshakinunua tena kwa faida ya Upole. Dada hatajua.

Jambo moja la ajabu. Nilipomkabidhi boksi la lebo, mkono ulikataa kuliachia. Kioo akavuta, nami nikavuta. Kwa muda tulisimama pale tukivutana kama watoto wanaogombea mpira. Kisha nikaachia. Kioo akaingia ndani anapiga mluzi.

Sikula chakula cha mchana.

Jumamosi, 21 Machi

Mzigo wa Upole umefika. Nimeuficha stoo, nyuma ya makasha ya Nyota Kumi. Kitambaa kizuri, mshono wa kueleweka. Ila suruali hazina mifuko. Nikafikiri sana. Jibu likaja: hawa ni wateja wazito, fedha zao hubebwa na wengine. Na makoti hayana mgongo! Yaani mbele ni koti kamili, nyuma ni wazi, yanafungwa kwa utepe shingoni na kiunoni. Ubunifu wa hali ya juu. Kitambaa kinaokolewa na hewa inapita. Bwana Kioo na sanamu zake hawajawahi kuota kitu kama hiki.

Nimejichagulia moja ya kijivu. Nitaivaa kwenye mkutano. Mkurugenzi lazima aamini anachouza.

Jumatano, 25 Machi

Dada kamaliza magauni ya wapambe wa harusi ya Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi kubwa kuliko zote za robo hii. Rangi ya waridi, yameanguka vizuri, hata kitundikio cha nguo kinaonekana kina kiuno. Zilibaki lebo tu.

Hapa akili yangu ilifanya kazi haraka. Kwanza, lebo za Sindano Mbili hazipo. Pili, Upole inahitaji kuonyesha mauzo robo hiihii. Nikamwambia dada apumzike, lebo nitazishona mwenyewe. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema baba angefurahi, maana nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa vifungo na lebo, na hakuna aliyenishinda kwa vifungo. Akanipa uzi mwekundu na kwenda zake kulala.

Nilishona lebo za Upole. Kona zote, uzi mwekundu, kama baba alivyotaka. Macho yalikuwa yananiwasha. Labda ni vumbi la kitambaa.

Jumanne, 31 Machi

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilifika kwa mama nimevaa suti ya kijivu. Nilitembea nikiwa nimeupa ukuta mgongo tangu mlangoni hadi kwenye kiti. Mjomba akauliza kama nimeumia kiuno. Nikaanza ripoti. Mauzo yamepanda! Chapa zimeongezeka! Mjomba, aliyekuwa karani maisha yake yote, akauliza fedha ziko wapi. Nikasema zimo njiani. Akauliza njia gani. Dada alikuwa amekunja mikono.

Nikaona nitoe siri. Nikatangaza kwamba kampuni imenunua chapa isiyojua hasara, Upole, na kwamba suti wanayoiona ni yake.

Mama akainuka. Akanipapasa kifuani, akitafuta mfuko. Haukuwepo. Akaniambia nigeuke. Nikageuka.

Nilipomtazama tena, mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Akasema, kwa shida, kwamba mama mdogo walimvalisha gauni la hivyohivyo mwaka juzi. Nikasema mama mdogo alikuwa na macho ya kuchagua. Mjomba akaniambia nikae. Kisha akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto, kwamba Upole wanashonea maiti. Mgongo huachwa wazi ili iwe rahisi kumvika. Mifuko hawawekewi kwa sababu hawana pa kwenda kununua.

Nikamkumbuka mzee wa koti jeusi. Watu watulivu sana! Hakuna aliyewahi kurudisha!

Mama alikuwa analia. Alisema ameshamzika mume na mdogo wake, na hakutarajia kumwona mwanawe amesimama sebuleni kwake amevaa hivyo. Nilitaka kuivua palepale. Ndani nilikuwa na fulana iliyotoboka. Nikaivua hivyohivyo, mama akanipa shuka.

Hapo ndipo nilipokumbuka magauni. Nikafikiria kunyamaza. Lakini magauni yalishapelekwa, na kule harusini kuna mashangazi, na hakuna shangazi asiyegeuza gauni kutazama limeshonwa na nani. Nikasema.

Dada hakupiga kelele. Aliinuka na kwenda dukani kuchukua lebo za baba. Nilimfuata, shuka mabegani, nikimwomba asubiri kidogo, asubiri tu nimweleze. Alifungua droo. Ilikuwa tupu.

Akauliza ziko wapi. Nikamwambia.

Nilitaka aniite mjinga. Nilitaka anirushie hata bobini. Alisema tu, taratibu, mdogo wangu, ulibakiza nini? Kisha akaenda nyumbani kwa bibi harusi, akasema amekuja kukaza zipu, akaketi chumbani na kufumua lebo moja moja mpaka zikaisha. Magauni yataingia harusini bila jina.

Aliporudi alikunja aproni yake, akachukua futi yake, na kuondoka. Mkasi wa baba ameuchukua pia. Ni haki yake.

Jumatano, 1 Aprili

Duka kimya.

Nimefunga hesabu za robo. Kuna jambo moja zuri: gharama za mishahara zimeshuka hadi sifuri.

Alhamisi, 9 Aprili

Hakuna mteja. Aliingia mmoja, akauliza dada yuko wapi, akatoka.

Kibao cha Sindano Mbili kimeondolewa mlangoni. Nilimwendea Bwana Kioo kuomba nikinunue tena, kwa malipo ya kidogo kidogo. Alikuwa anapangusa kioo chake. Sikutegemea, lakini hakunicheka. Alisema alibandika lebo za baba kwenye suti zake, na mteja wa kwanza akageuza kola, akatazama mshono, akamuuliza huyu aliyeshona anamdanganya nani. Tangu hapo zilikuwa zinamkera dukani. Dada kaja, wamepatana: yeye kamrekebishia suti zote zilizokuwa zinawabana watu makwapani, naye kamrudishia jina, kibao na lebo. Dada amepanga chumba kule nyuma ya kiwanda cha mkate. Harusi yote imehamia kwake, kuanzia mama wa bibi harusi hadi mashangazi.

Kioo akaniuliza nimekula. Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli, na alijua, maana alinipa nusu ya mkate wake. Kula mkate wa mshindani ni uchungu. Niliumaliza.

Nilipita kule nyuma ya kiwanda. Sikuingia. Nilisimama nje nikasikia mkasi ukikata mezani. Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka.

Jumapili, 12 Aprili

Mama kaja na kifurushi. Kasema kimetoka kwa dada.

Ndani kuna shati jeupe. Hakunipima, lakini limenikaa kila mahali, hata bega la kushoto ambalo limeinama tangu nikiwa mdogo na ambalo hakuna fundi mwingine anayelijua. Ndani ya kola kuna lebo ya Sindano Mbili. Kona zote, uzi mwekundu.

Nililia. Sina haja ya kusingizia vumbi. Mama alitazama pembeni akajifanya anapanga viti.

Kisha akanipa ujumbe. Dada anasema kuna kigoda kando ya dirisha, na vifungo vimemlemea. Kama nataka kwenda kushona vifungo, niende. Vifungo tu. Hesabu atafanya yeye. Mama kaongeza la kwake: eti nisiende na kadi zangu.

Alipoondoka nikalitazama shati vizuri zaidi. Kifungo cha mkono wa kulia hakipo. Nikatia vidole mfukoni, maana shati hili lina mfuko. Kimo kifungo, na sindano imeshatungwa uzi. Kaniachia nikishone mwenyewe.

Nimekaa na jambo hili jioni yote, na sasa nimelielewa. Kigoda kando ya dirisha ni kiti kwenye bodi. Kutaka vifungo tu ni namna ya kuanza majadiliano bila kuonyesha haraka, dada ni mjanja. Na kifungo hiki hakikutumwa hivihivi. Ni malipo ya awali! Sindano Mbili inataka kuungana na kampuni yangu!

Kesho nakwenda mapema. Kadi nitazificha kwenye soksi. Kifungo sikukishona. Nimekiingiza kwenye mali za kampuni, robo ya pili, na robo imeanza vizuri.