Ng'ombe wa Darasa la Tatu A

Jumatatu, 3 Juni

Nimejitolea. Sikukusudia, lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Mwalimu wa sanaa wa shule ya binti yangu amejifungua. Mwalimu Mkuu akatuita wazazi, akaomba wawili wa kufundisha kuchora kwa wiki hii: mmoja Darasa la Tatu A, mwingine la Tatu B. Ijumaa picha za watoto zitabandikwa ukumbini, wazazi wote waje kuzitazama.

Nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu, kwa makusudi, nisionekane. Nikamsikia binti yangu dirishani akiwaambia wenzake, kwa sauti ya mnadani, kwamba baba yake ni mchoraji. Ukumbi mzima ukanigeukia. Ningefanya nini?

Niseme kweli hapa, maana shajara haina mdomo. Mimi nauza rangi dukani. Kuchora sijui. Ila sebuleni kwetu kuna picha ya farasi, na binti yangu alipokuwa na miaka minne aliniuliza nani kaichora. Nikasema mimi. Picha ilikuja na fremu yake. Lakini alinitazama siku ile kana kwamba farasi wote wa dunia nimewafuga mimi, na tangu hapo sikuweza kurudi nyuma. Sasa ana miaka tisa.

Tatu B kaichukua Mama Pacha, fundi cherehani, ambaye huchora gauni zima kwa chaki huku anasimulia habari za mtaa. Alinitakia heri. Alitabasamu kupita kiasi.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Alimtazama farasi, akanitazama mimi, akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Juni

Somo la kwanza. Nilichagua ng'ombe. Mwili, pembe, mkia, miguu minne, basi. Hiyo miguu minne ndiyo iliyoniponza.

Nilipomaliza nikawauliza watoto thelathini na wanane hiki ni nini. Wa mbele akasema kitanda. Jirani yake akasema meza yenye masikio. Ukazuka mjadala mkali. Walioshikilia kitanda walikuwa wengi, na nakiri walikuwa na hoja. Nikawapongeza, nikasema ni kitanda.

Binti yangu akanyoosha mkono. Akasema taratibu kwamba yule ni ng'ombe, ila amelala, ndiyo maana anafanana na kitanda. Darasa likaridhika. Mimi nilibaki nafuta ubao pasipo na kitu cha kufuta.

Njiani kurudi aliniuliza kati ya ng'ombe na farasi nani mgumu kuchora. Nikasema tutazungumza siku nyingine. Sikupenda nilivyojisikia.

Nilichungulia Tatu B pia. Mama Pacha amewachorea kuku mwenye manyoya ya kuhesabika. Nusura nimtupie mtama.

Jumatano, 5 Juni

Leo hakuna kipindi. Leo ni siku ya akili!

Fundi wa mabango ni mteja wetu wa rangi nyekundu. Nimempa karatasi kubwa, ukubwa wa mlango. Atachora simba kwa penseli, kwa mistari hafifu kiasi kwamba aliyekaa dawatini haoni kitu. Kesho mimi nitasimama mbele ya watoto na kalamu ya wino mnene, nifuate mistari tu. Ataonekana simba anatoka mkononi mwangu.

Nilimsihi afanye kazi safi. Akasema, "Usijali kaka. Nitakufanyia kama ninavyomfanyia mteja yeyote. Kamili." Nimemkaribisha ukumbini Ijumaa aje ajionee.

Mke wangu anasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu kwamba yangu ina mwaka wa tano na bado naona mbele. Akasema basi debe tupu haliachi kuvuma. Hilo sikuona linahusu nini.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi!

Mistari ilikuwa hafifu kweli. Ilibidi pua igusane na karatasi, nione kipande kimoja kimoja. Nikamaliza manyoya, mgongo, mkia, makucha. Chini ya makucha kulikuwa na vijistari vingine vingi. Nikajua ni majani. Nikavifuata vyote, sikuacha hata kimoja. Nyuma yangu darasa likasema "Aaah!" Thelathini na wanane kwa pamoja. Dukani hakuna aliyewahi kuniambia "Aaah."

Nikageuka, nikaegemeza mkono kiunoni, nikawaamuru wachore kila wanachokiona, wasiache mstari, maana mchoraji wa kweli haachi mstari. Simba nyuma yangu, mashabiki mbele yangu. Sikuona haja ya kumtazama tena. Mtoto mmoja akauliza kama sifuri iwe ya mviringo au ndefu. Nikamwambia kwenye sanaa mviringo wowote unakaribishwa. Watoto wana maswali ya ajabu. Kengele ikalia, nikakimbilia dukani.

Jambo moja tu. Binti yangu, dawati la nyuma, alichora huku ameziba karatasi kwa mkono. Nyumbani akaniambia, "Simba wako ni mzuri, baba." Alisema kama mtu anayesifia chakula cha ugenini. Nimeshindwa kumaliza chai.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Ukuta wa kulia, kuku wa Mama Pacha. Ukuta wa kushoto, simba thelathini na saba. Na chini ya makucha ya kila simba, kwa mwandiko wa kila mtoto: MABANGO YA AINA ZOTE. PIGA SIMU. Ikifuatiwa na namba. Kamili, kama alivyoahidi.

Mama Pacha alivaa miwani, akasoma ukuta mzima, kisha akauliza kwa upole kama Tatu A wamefungua kampuni. Mwalimu Mkuu hakuuliza. Alitoa simu akapiga. Ikaita nyuma ya ukumbi. Fundi wa mabango akapokea palepale, mbele ya wazazi wote, "Haloo, karibu mteja." Akaeleza kwa fahari kwamba ndiyo, simba ni wake, na kazi yake yoyote lazima iwe na namba.

Nilimtafuta binti yangu kwa macho. Kwamba atajua, hicho tu ndicho nilichokiogopa miaka yote mitano.

Alikuwa kando ya picha ya thelathini na nane. Hakuchora simba. Alichora ng'ombe wangu, miguu ileile ya kitanda, na juu yake mwanamume amelala na viatu. Chini kaandika: Ng'ombe wa Baba.

Nikachuchumaa. Nikamwambia nimemdanganya, farasi si wangu. Akasema anajua. Farasi yuleyule yuko kwa kinyozi, fremu ileile, tangu mwaka jana anamwona.

Nikamuuliza kwa nini basi aliwatangazia watu kwamba mimi ni mchoraji. Akatazama viatu vyake. "Nilitaka uje darasani. Kila siku uko dukani."

Nikasema vumbi la chaki limeniingia machoni. Ukumbini hakuna ubao. Nampenda mtoto huyu mpaka naona uchungu.

Mama Pacha alisimama mbele ya ng'ombe muda mrefu kuliko mtu yeyote. Alisema kuku wake wote hawajamchekesha hivyo. Yawezekana nilimwonea mwanamke yule. Fundi wa mabango kapewa kazi ya kuchora ukuta wa shule.

Jumamosi, 8 Juni

Farasi ameshuka ukutani. Ng'ombe amepanda. Mke wangu kamsogeza mara tatu mpaka akakaa sawa. Nimeapa mbele ya familia: sitasema tena najua nisichokijua. Binti yangu alinishika kidole gumba, kama zamani.

Jumatatu, 10 Juni

Mwalimu wa muziki ameteguka mguu. Mwalimu Mkuu ameuliza ni mzazi gani anayejua kupiga filimbi. Safari hii binti yangu hakusema neno. Alinitikisia kichwa kutoka dirishani, mara mbili, akikataza.

Nilinyoosha mkono mwenyewe. Nimesema napiga tangu utotoni.

Hakuna la kuhofia. Fundi redio anasema kuna spika ndogo inayoingia vizuri kwenye mfuko wa shati. Muziki wa filimbi atanirekodia yeye mwenyewe. Nimemsihi afanye kazi safi. Amesema nisijali, atanifanyia kama anavyomfanyia mteja yeyote.