Tangi la Maji na Ndege Mwenye Kinyongo

Jumatatu, 2 Septemba
Noelene Tranter, mpinzani wangu wa uchoraji, kaandika gazetini: "Msimu wa kuatamia, msanii anayempenda ndege humchora akiwa mbali." Upuuzi! Aliye mbali hachori ndege, anachora doa. Jumapili mji mzima wa Mullabarra unachagua picha ya kupamba tangi la maji, ili watu wakumbuke kutunza ndege wetu. Itakuwa ya magpai, yule mweusi mwenye mabaka meupe. Na itakuwa yangu! Nimeweka kiti chini ya mkaratusi wenye kiota. Kitu kimeniparura sikio. Upepo, nadhani.

Jumatano, 4 Septemba
Si upepo, ni yule magpai. Ananijua! Nje ya posta kulikuwa na foleni. Kaipita yote, akanirukia mimi. Noelene, muuguzi mstaafu, akanibandika plasta huku anacheka. "Hasahau sura huyo, Des. Umemkalia mlangoni, ulitaka akukaribishe chai?"
Hasahau sura. Asante, dada! Nimepata wazo.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimeshinda ndani. Kila kinachogonga bati la paa kinanitoa jasho. Lakini barakoa iko tayari: uso wa Noelene kwenye karatasi ngumu, kidevu na vyote. Kesho naivaa, namchokoza ndege. Baada ya hapo atawindwa Noelene.

Jumamosi, 7 Septemba
Nilipunga mikono chini ya mti. Ndege hakuruka. Aliinamisha kichwa, akanitazama. Kisha nyuma yangu akatokea mkewe.
Nilikimbia sioni, matundu ya macho yamehamia shavuni, nikakatiza sokoni nikipiga mayowe. Noelene alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara na darubini na penseli. "Pole pole basi, Des! Sijamaliza miguu!"

Jumapili, 8 Septemba
Kashinda. Tangi litabeba magpai wawili wakimfukuza mtu mwenye uso wa karatasi, na chini yake: WAPE NAFASI. Watu walicheka hadi machozi. Noelene akapita chini ya mkaratusi, ndege akamwimbia!
Nimeligundua kosa langu. Sikukaribia vya kutosha.
Ukurasa huu naubandika posta: nyinyi mliompigia kura Noelene, rudieni kura hiyo Jumapili ijayo. Kesho napanda hadi kiotani, tutazamane ana kwa ana. Na mmoja wenu aniletee ngazi.