Mzinga wa Bangwe

Serikali ilitangaza kwa fahari kwamba Kigoma sasa ina ulinzi wa anga. Wakopeshaji, ambao mwaka ule ule walikuwa wameamuru zahanati zibane matumizi, walikubali kusogeza mbele deni la zamani ilimradi nchi ikope jipya na kununua mzinga wa kutungulia ndege kutoka kiwanda cha kwao. Bwana Pastory, Katibu wa Kamati ya Mapokezi, aliona mantiki yake mara moja. Mgonjwa hupona akaondoka; mzinga hubaki.

Ukasimikwa mtaa wa Bangwe, mbele ya zahanati iliyofurika wakimbizi wenye kipindupindu. Leonia, mke wa Pastory, alikuwa amelazwa humo humo, mkekani.

"Bwana Katibu, dripu zimekwisha," alisema Sista Rozalia. "Ndege ya msaada ilileta nyingine, ikaona mdomo wa mzinga unaifuata, ikageuza. Shusheni basi hilo dude!"

"Sista, mkataba unasema kila ndege ifuatwe, la sivyo mkopo unasitishwa. Naumia kama wewe."

Na kweli aliumia. Alikwenda nyuma ya zahanati akalia, kisha akapangusa miwani na kuandaa taarifa ya robo mwaka: ndege zilizofukuzwa, asilimia mia.

Mkaguzi wa wakopeshaji akaja kwa treni kujionea. Alikuwa mtu mpole, Kiswahili kajifunza kwa kaseti. Aliupapasa mzinga, akausifu, akala mgebuka, samaki wa ziwani, akanywa maji yaliyotiwa barafu kwa heshima yake. Kesho yake alikuwa mkekani karibu na mzee Nyabenda, mkimbizi wa Burundi, macho yamezama.

"Dripu," alinong'ona Mkaguzi.

"Ziko angani," alijibu Sista Rozalia. "Zinafuatwa."

"Ushusheni mzinga!"

"Mkataba, mzee," Pastory alimkumbusha kwa adabu.

"Mkataba niliuandika mimi!"

"Basi tupatie sababu, tuiingize kwenye taarifa."

"Mzinga haufai! Haujawahi kufaa!"

Pastory aliandika neno kwa neno, akakimbia mwenyewe kuwaamuru askari, kiatu kimoja kikibaki matopeni.

Ndege ya msaada ikarudi, ikatua. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko nafasi, wakalazwa nje, na kwa kuwa nguzo hazikuwepo, dripu zikatundikwa kwenye mtutu ulioinamishwa. Sista alifuata foleni ya waliotangulia: Leonia mapema, Mkaguzi mwisho.

Nyabenda alimtazama jirani yake kwa huruma.

"Muzee, na wewe ulikimbia nini?"

Mkaguzi akainua mkono wenye sindano, akauonyesha mzinga.

"Pole," alisema Nyabenda. "Hata sisi."