Zimwi Lenye Ufizi wa Pinki

Jumatatu, 3 Juni

Binti yetu anaondoka Jumapili kwenda chuo. Mbali. Kaaga majirani, kaaga fundi cherehani, kaaga hata paka wa duka la kona. Mimi kaniuliza tu kama nimeona chaja yake.

Jioni nzima yuko sebuleni na mjomba wake, wanacheza gemu ya mazimwi. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuja kukaa wiki mbili, sasa ana msumari wake wa taulo bafuni. Wanacheka mpaka wanalia. Nikiingia wananyamaza, utadhani nimekuja kusoma mita.

Nimeamua. Nitamtengenezea lile Zimwi la Kinamasi analolipenda. Mikono minne, magamba mgongoni, mdomo umejaa meno. Meno ndiyo kazi yangu, natengeneza ya bandia kliniki. Atalibeba chuoni. Akiulizwa, atasema kanitengenezea baba.

Tatizo ni mwili.

Jumanne, 4 Juni

Mwili umepatikana. Shemeji ana makomando wawili wa plastiki, wa kijani, juu ya kabati la televisheni, wanakunja magoti na viwiko. Alipewa na marehemu baba mkwe alipokuwa mtoto. Nimechukua mmoja. Nakiri. Nilijiambia mtu mzima mwenye ndevu hahitaji makomando wawili.

Jioni akauliza. Mke wangu akasema hajui. Binti akasema hajui. Mimi nikasema panya. Mke wangu akataka kujua ni panya gani anabeba komando na kuacha mkate mezani. Nikasema panya wa siku hizi hawaeleweki.

Jumatano, 5 Juni

Mikono minne ni makomando wawili. Hesabu hiyo sikuitunga mimi. Wa pili naye kaondoka.

Safari hii shemeji hakuuliza. Kapangusa vumbi pale walipokuwa wamesimama, akaenda kulala bila kula. Ningewarudisha. Lakini mikono nilishaikata.

Alhamisi, 6 Juni

Daktari alipokwenda kula nikafanya kazi yangu. Nimejaza mdomo kwa ule unga wa pinki wa ufizi, nikapanga meno, nikaweka chonge nne. Kazi safi. Halafu nikafanya ninavyofanya kila siku, nikalitumbukiza zimwi zima kwenye maji ya moto ili ufizi ugande. Miaka yote nachemsha meno. Sijawahi kuchemsha mtu mwenye magoti ya plastiki.

Miguu ikalegea, ikapinda nyuma kama ya panzi. Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa, machozi yananilenga. Halafu nikaliangalia vizuri. Zimwi tupu!

Zile chonge zilikuwa za mwalimu mmoja mstaafu, anazisubiri tangu mwezi uliopita. Daktari kaniuliza ziko wapi. Nikasema panya. Sijui kwa nini huwa nakimbilia panya.

Ijumaa, 7 Juni

Magamba ni maganda ya mbegu za maboga. Rangi ni ya kucha, ya mke wangu. Nimepaka chooni, nimejifungia. Akagonga kuuliza harufu ile ni ya nini. Nikasema tumbo. Akasema basi tumbo langu linanuka kama saluni.

Jumamosi, 8 Juni

Alfajiri nimeliweka juu ya sanduku la binti, nikarudi kujifanya nimelala. Nikasikia anacheka. Nikasikia anakimbia. Akaupita mlango wetu, akaenda sebuleni kumkumbatia mjomba wake. Alidhani mjomba ndiye kawatoa makomando wake kwa ajili yake.

Tulipotoka mimi na mke wangu, shemeji akaligeuzageuza. Akashika buti. Akasema kwa upole kwamba hakulitengeneza yeye, ila waliomo ndani ni wake. Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia saa.

Baadaye binti akanifuata jikoni, zimwi mkononi. Anapitisha kidole kwenye ufizi.

"Baba, haya meno nayajua. Bibi alizikwa na meno yaliyotengenezwa na mkono huu huu."

Nikafungua bomba, nikaosha kikombe kisafi.

"Sema tu ni wewe. Muombe mjomba msamaha, mimi nitalala nalo chuoni kila siku."

Kila nilichokuwa nakitaka, bei yake sentensi moja. Nikafungua mdomo. Nikasikia nasema huenda ni yule fundi mwenzangu wa kliniki, mtu wa ajabu sana yule.

Akasema, "Sawa, baba." Hakukasirika. Heri angekasirika. Akaenda kulisimamisha zimwi pale walipokuwa wanasimama makomando, akaendelea kukunja nguo.

Jumapili, 9 Juni

Kaondoka. Mama yake kamkumbatia, mjomba wake kamkumbatia. Mimi kanipa mkono, kwa adabu zote, kama mgeni rasmi. Zimwi kaliacha.

Nyumba kimya. Shemeji anakula kaipa televisheni mgongo. Mke wangu haongei nami ila kuhusu chumvi.

Nimetubu. Safari hii kwelikweli. Nitamwambia shemeji kila kitu. Ila mtu hawezi kwenda kuomba msamaha mikono mitupu, lazima nimrudishie walau komando mmoja. Na nimemwona wa kufaa. Kwenye kabati la vyombo yupo yule bwana harusi wa plastiki aliyekuwa juu ya keki yetu ya harusi. Mke wangu kamhifadhi kwenye karatasi laini miaka yote hii. Anasimama wima vizuri. Suti ni nyeusi, rangi ya kijani itashika. Anachokosa ni buti tu.