Dokta Hajra Anukuliwaye na Wote

Bidyut Samaddar alikuwa ametoka kuwauzia watu wa Gariahat, jijini Kolkata, tiketi za mechi isiyokuwepo, akajichimbia kwenye mkahawa wa mtaa wa vitabu hadi hasira za wateja zipoe. Meza ya jirani, bwana mmoja mwenye miwani alikuwa akiisimanga kahawa yake.

"Miaka yote hii naandika! Nani ananinukuu? Mimi mwenyewe, na mke wangu tukigombana!"

Huyo alikuwa Profesa Nirupam Lahiri, mchumi. Ukuu wa idara ulikuwa wazi, na chuo kilitaka kumpa yule ambaye makala zake zimenukuliwa zaidi na wenzake.

Bidyut hakujua uchumi ni mdudu gani, ila uso wenye njaa aliujua. Akalisoma jina kwenye mkoba wa bwana huyo, akavuta kiti.

"Profesa Lahiri! Dokta Hajra hanipi raha kwa kukusifu."

"Hajra yupi?"

"Humjui P. K. Hajra? Basi elimu imekwisha mji huu."

Lahiri alitaka kuuliza zaidi, aibu ikamziba mdomo. Msomi yu radhi aitwe mwizi, asiitwe hajasoma.

"Aaa, Hajra! Wa... wa zile kazi zake!"

"Huyo huyo. Atakunukuu kila ukurasa. Wewe mpe ahsante kidogo, kwa mkono wangu, nawe umnukuu. Nipe nikupe, Profesa, ndio uchumi wenyewe."

Jioni hiyo Bidyut alimkimbilia binamu yake Jhimli, aliyesoma uchumi mpaka kazi zikamkimbia.

"Dada, niandikie makala. Iwe ngumu, isieleweke."

"Halafu mimi napata nini?"

"Katlesi za samaki."

Jhimli akaandika, kwa jina la Hajra, *Athari za Bei ya Samaki wa Ilish katika Unene wa Wakwe wa Kiume*. Jarida moja lisilo na mhariri likaichapa bila kuuliza. Lahiri alinukuliwa hata penye habari za mifupa.

Siri ya maprofesa haikai, hukaa ya wezi. Mara wachumi wa Kolkata nzima wakawa wanamvizia Bidyut mkahawani, kila mmoja na bahasha yake. Hajra akawanukuu wote, nao wote wakamnukuu Hajra. Bidyut alinenepa. Jhimli aliandika mpaka vidole vikakakamaa, na katlesi zikaanza kuja nusu nusu.

"Kaka, hii ya jana ilikuwa na samaki kweli?"

"Samaki amepanda bei, dada. Si uliandika mwenyewe?"

Ndipo barua pepe ikaingia kwenye anwani ya Hajra: chuo kimepiga hesabu, anayenukuliwa kuliko wote ni Dokta P. K. Hajra. Tafadhali aje kwenye usaili.

Bidyut nusura aimbe. Mshahara, nyumba, dereva! Akanunua koti.

"Leo Hajra ni mimi," akamwambia Jhimli. "Huji kunishangilia?"

"Kichwa kinaniuma, kaka. Nenda tu."

Alipofika chuoni akajitaja Hajra, mlinzi alimzuia. "Dokta Hajra yumo ndani tayari."

Bidyut akausukuma mlango. Mbele ya jopo alikuwa ameketi Jhimli, sari ya pamba imenyooka, miwani puani, akieleza unene wa wakwe kwa ufasaha hata mwenyekiti akawa anajishika tumbo kwa wasiwasi.

"Mwongo!" Bidyut akafoka. "Huyo si Hajra! Hajra hayupo duniani!"

Wajumbe wakatazamana. Hapakuwa na hata mmoja ambaye hajamnukuu Hajra. Mwenyekiti akamgeukia Lahiri, aliyekuwa kwenye benchi la mlangoni akingoja zamu yake.

"Profesa, wewe umemnukuu kuliko sisi sote. Unamfahamu Dokta huyu?"

Lahiri akauona ukuu wa idara ukiondoka, na nyuma yake jina lake likijiandaa kuufuata. Akachagua kubaki na jina.

"Kumfahamu? Ni... ni mwalimu wangu!"

"Wangu pia!" akadakia mjumbe wa kwanza.

"Mimi nilimshika mkono Delhi!" akaapa wa pili.

Mwenyekiti akamkazia Bidyut macho. "Na wewe bwana ni nani?"

Bidyut akafungua kinywa. Mtu aliyewahi kuwa meneja, daktari wa meno na mjukuu wa raja, siku hiyo alitafuta jina moja tu la kutumia, akalikosa.

"Mpeni chai, jamani," akasema Dokta Hajra kwa huruma. "Mzee wa watu amepotea njia."