Matofali Yasiyogawanyika

Asubuhi hiyo ya mwaka 1975, benchi la Bazilio fundi baiskeli, kule Heru Juu, lilikuwa na habari moja tu. Redio imekisifu kijiji chao: kimevuka lengo la matofali ya darasa, kimechoma 10,007! Makarius, karani wa tanuri, aliyeyahesabu kwa mkono wake, alikaa kifua mbele. Hata chai aliikoroga kwa madaha.

Raha haikudumu. Akatokea Stanislaus, katibu wa kijiji, ambaye benchi zima lilimwita Azimio.

"Ndugu Makarius, kesho mkuu wa wilaya anakuja. Tumepanga mafungu kumi na mawili sawasawa, kila balozi wa nyumba kumi na fungu lake. La mwisho limepungukiwa tofali moja."

"Pangeni tisa."

"Tumepanga. Moja halipo. Manane, moja halipo. Sita, moja halipo. Kila tukipanga ni hilo hilo moja! Liko wapi?"

Makarius akaweka kikombe chini. Tangu azaliwe hajala hindi la mtu, na kesho jina lake litasomwa mkutanoni kama mwizi. Ilimuuma.

"Huyu namjua," Bazilio akasema, macho kwenye spoku. "Hawezi kuiba. Wizi unataka mtu wa kuamka mapema."

"Lisemwalo lipo," Azimio akajibu.

Mwalimu Ildefonsi, aliyehamishiwa hapo kutoka Bukoba, jina la benchi Chaki, akaokota kijiti. Aligawanya mavumbini mpaka akafika kwenye viatu vya Azimio, akamwomba asogee, akaendelea.

"Hakuna mwizi," akasema hatimaye. "Kumi elfu na saba ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Panga fungu moja, au mafungu kumi elfu na saba ya tofali moja moja."

"Moja moja ni ubepari, Mwalimu. Na namba isiyotaka kugawana na wenzake imefuata nini kwenye kijiji cha ujamaa?"

"Ego, ndiyo hasa!" Bazilio akadakia. "Ihamie mjini."

"Ndugu Katibu, namba haina siasa."

"Mwalimu, hayo umeyasema wewe. Mimi sikuyasikia."

Makarius akauliza kwa sauti ndogo, "Na tukiongeza moja?"

Chaki akachora tena. "Kumi elfu na nane. Hiyo inagawanyika kwa kumi na mbili, kwa tisa, kwa nane, kwa sita. Namba ya kijamaa kabisa."

Makarius hakungoja salamu. Alikimbia nyumbani, akamnyang'anya mkewe Generosa tofali la kuegeshea mlango wa jiko, ambalo Makarius alilifyatua mwenyewe miaka miwili kabla tanuri la kijiji halijawashwa. Akarudi akihema, akamkabidhi Azimio kwa mikono miwili.

Azimio akaligeuza, akalipima kwa kiganja, akalinusa. Kisha akawageukia walioketi benchini.

"Ndugu zangu, nyinyi ni mashahidi. Lilikuwa kwake."