Unga wa Mchele Mtupu

Jumatatu, 9 Juni

Nimevuliwa ubaba. Mezani, mbele ya watoto.

Keki ya binti yangu kutimiza miaka kumi, Jumamosi hii, itaokwa na shemeji. Mke wangu ametangaza hivyo huku akipanga sahani, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nikauliza kwa nini si mimi. Akauliza kama nimesahau mambo ya Januari.

Sijasahau. Januari nilikoroga uji wangu wa ngano kwa mwiko wenye utepe wa kijani, alama ya vyombo vya binti. Mwiko mmoja! Tena niliufuta kwa kitambaa kabla ya kuurudisha! Binti akalala siku tatu, tumbo limevimba, na mimi nikapigwa marufuku jikoni hadi leo. Vyombo vyote vya utepe wa kijani vimefungiwa kabatini kwa kufuli. Kufuli lenyewe limetoka dukani kwangu. Fundi kufuli nafungiwa kabati kwa mali yangu!

Niandike hali ilivyo. Binti hali ngano, hata chembe; ngano kwake si chakula, ni sumu, daktari kasema. Mdogo wake wa miaka minne ana mzio wa mayai. Mama yao ana mzio wa karanga. Kila mtu hapa ana adui wake mezani. Mimi peke yangu nakula kila kitu, kwa hiyo adui wao ni mimi.

Tangu Januari hata ndizi nikimpa binti, humtazama kwanza mama yake. Ndizi! Yenye ganda!

Keki nitaoka mimi. Ataila kutoka mkononi mwangu, na mambo ya ndizi tutakuwa tumeyamaliza.

Jumanne, 10 Juni

Shemeji amekuja "kulikagua tanuri." Ni mpishi wa hospitali, basi huongea kana kwamba anapasua watu. Amefungua mlango wa tanuri, akanusa, akatikisa kichwa. Mke wangu akacheka. Mimi nikinusa tanuri naambiwa nitoke.

Binti, ambaye tunamwita Hakimu kwa jinsi anavyohoji, akamhoji mjomba wake unga utatoka wapi. Shemeji akasema ataosha mchele, ataukausha, atautwanga mwenyewe kwenye kinu chake, maana mashine za mtaani husaga kila kitu. Hakimu akaridhika. Nikauliza kama mchele huo atauotesha pia. Hakuna aliyecheka. Shemeji akanipiga bega, akaniambia, wewe shemeji endelea tu na funguo zako.

Kinu! Zama hizi! Maonyesho matupu.

Jumatano, 11 Juni

Mashine ya kusaga, saa mbili asubuhi. Mimi na kilo mbili za mchele. Foleni ya watu sita: mama mmoja mbele kabisa na gunia la ngano, na watano nyuma yake na mahindi. Nina duka la kufungua. Nikawaambia nina mgonjwa nyumbani. Wakanipisha, ingawa bibi mmoja aliuliza kwa sauti mgonjwa gani anangoja unga. Nikajifanya sisikii. Nikawa wa pili, nyuma ya mama wa ngano.

Ilipofika zamu yangu, msagaji, mweupe kwa vumbi hadi kope, akauliza mgonjwa anaumwa nini. Nikasema hali ngano. Akazima mashine. Akanishauri nirudi mwisho wa foleni, mahindi yote yapite kwanza, na hata hapo yeye hatoi ahadi. Mashine ni moja, inameza kila kinacholetwa.

Nirudi mwisho! Baada ya kupishwa na watu watano! Ningewatazama kwa macho gani? Nikamwambia mchele ni mchele. Nikamwagiza pia augonge mdomo wa mashine kwa nyundo, unga wangu wote utoke. Wajinga huacha robo kilo humo ndani. Akanitazama, akagonga.

Niliingia na kilo mbili. Nimetoka na kilo mbili na ushee. Huo ndio ujanja wa mjini.

Alhamisi, 12 Juni

Unga nimeuficha dukani, ndani ya sanduku la vitasa. Wateja wawili wametaka vitasa. Nimewaambia vimekwisha.

Ijumaa, 13 Juni

Mke kazini, watoto shuleni. Kufuli la kabati: sekunde tisa. Kama mwizi, nimejivunia. Kama muuzaji, nimeona aibu kidogo.

Nimetumia vyombo vya kijani peke yake. Mafuta ya alizeti, si ya karanga. Ndizi mbivu badala ya mayai. Nimemfikiria kila mtu! Shemeji angewafikiria hivi? Keki imeumuka vizuri, juu imekuwa ya dhahabu. Nimeonja makombo. Laini kuliko nilivyotegemea kwa unga wa mchele. Sijui kwa nini. Kipaji, labda.

Jumamosi, 14 Juni

Keki mbili mezani. Ya shemeji bapa, imepasuka katikati, rangi ya ukuta. Yangu imesimama.

Mke wangu akauliza nani kafungua kabati. Nikasema makufuli ya siku hizi hayaaminiki. Akafungua kinywa, lakini Hakimu alikuwa ameshaanza kesi. Unga umesagwa wapi? Nikasema nyumbani. Kwa kutumia nini? Kwa kinu. Kinu cha nani? Cha jirani, nimekiosha mara tatu. Jirani yupi? Nikasema leo ni sikukuu yake, si mahakama.

Akanitazama. Hakumtazama mama yake. Akanyoosha sahani, akasema, "Nikatie ya Baba."

Ya Baba! Vipande viwili! Ya mjomba wake hakuigusa. Nilimtazama shemeji. Shemeji alitazama dari.

Saa kumi na moja jioni Hakimu alikuwa amelala kwenye sakafu ya bafuni, anatapika hadi anatetemeka. Mke wangu akamgeukia kaka yake: ule unga uliutwanga na nini? Shemeji akaanza kujitetea, kinu changu, mama yangu shahidi. Mimi nikasema tusilaumiane, binadamu hukosea. Ilikuwa kauli ya busara.

Hakimu akasema kutoka sakafuni kwamba keki ya mjomba hakuionja.

Zahanati. Muuguzi akauliza unga ulisagwa wapi. Wote wakanigeukia. Nikasema, mashine. Akauliza baada ya nani. Nikamwambia. Mke wangu akatoka nje, akasimama kwenye ngazi na kaka yake, wakanipa mgongo wote wawili.

Jumapili, 15 Juni

Binti anakunywa maji kwa kijiko. Magoti kayakunja hadi kidevuni. Mdogo wake amemwekea gari lake la plastiki kitandani na kuniambia nisiliguse.

Mchana aliniita. Nikadhani anataka maji. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba keki ya mjomba ni salama, ila sura mbaya. Alichukua yangu kwa sababu nilisema unga umesagwa nyumbani. Alitaka siku moja ale bila kumuuliza mama. Sasa hatakula kitu changu mpaka awe mkubwa na akipike mwenyewe.

Hakulia. Alisema taratibu, kisha akageukia ukutani.

Nilikaa pale. Kiti kile kina mguu mbovu. Sina zaidi la kuandika.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka mtu mwingine. Nimemwomba shemeji radhi, kwa simu. Alinifanya nirudie, eti mtandao mbaya. Nimemwomba mke wangu radhi. Kanitaka niahidi mbele yake: sitaleta unga wowote ndani ya nyumba hii. Nimeahidi, mkono kifuani.

Nimekaa dukani nikachunguza kosa langu kwa uaminifu. Liko moja. Kusaga. Kinachoharibu kila kitu ni mashine. Basi dawa iko wazi: nafaka nzima, isiyopita mashine yoyote. Kesho mke akiwa anaoga, nitampikia mtoto uji laini wa kumrudishia nguvu. Ataona baba yake amejirekebisha.

Nimenunua shayiri. Shayiri si ngano, kipofu anaona. Wala si unga, kwa hiyo ahadi iko palepale.

Muuzaji aliuliza ni ya nani. Nikasema ya binti asiyekula ngano. Akalifunika gunia kwa mkono, akasema mke wa kaka yake ana ugonjwa huohuo, na shayiri ilimlaza wiki nzima. Shayiri na ngano kwa watu hao ni mamoja. Siku hizi kila mtu daktari! Nikamuuliza anauza nafaka au anatibu watu. Akapima.

Nimechukua kilo mbili.